Rivyuu ya pleti ya kuziba kaakaa: kabla hujalipa, uliza nani ataendelea kuirekebisha

Hii naiandika kwa yeyote ambaye ndugu yake ameambiwa ana uvimbe kwenye taya la juu na kwamba upasuaji utaacha tundu kati ya mdomo na pua. Shangazi yangu amepita hiyo njia yote. Sa hivi anavaa pleti ya kudumu, anakula, anaongea na simu, anauza kanga zake Kariakoo, na mimi ndiye nilikuwa nampeleka karibu kila miadi kwa hiyo huduma yenyewe naijua, ilipo nzuri na ilipo mbovu. Majina ya kliniki na hospitali siweki kwa sababu mengine nitakayosema si mazuri na sitaki kumharibia mtu kazi, mtanisamehe kwa hilo.

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda ajue. Pleti yenyewe naipa nyota tano, huduma ya kliniki naipa nne, na yale ya hospitalini kabla hatujafika kliniki, yaani jinsi walivyompasua bila kumwita mtu wa meno bandia, hapo sina nyota ya kutoa.

Kilichotokea ni hivi. Shangazi alianza na meno ya juu kulia kulegea, pua upande huohuo inaziba, anatoa makamasi yenye damu kidogo, tukajua ni mafua na meno ya utu uzima. Akaenda kwenye kliniki ndogo ya mtaani wakamng'oa jino. Kile kidonda hakikupona, wiki zinapita, nyama inaota palepale jino lilipotoka, akirudi anapewa dawa ya kusukutua na antibayotiki. Jamani hili lisikieni vizuri: kidonda cha jino kilichokaa zaidi ya wiki 2 au 3 bila kufunga, hasa kama nyama inaota ndani yake, hicho kinatakiwa kikatwe kinyama kidogo kipelekwe kupimwa, sio kuongezewa vidonge. Saratani ya lile pango la hewa lililo juu ya meno ya juu ndio inavyojificha, inajifanya tatizo la jino au la pua mpaka imeshakula mfupa. Majibu yalipotoka pamoja na siti skani ikaamuliwa atolewe nusu ya taya la juu kulia halafu apigwe mionzi.

Sasa hapa ndipo kwenye kiini cha rivyuu yangu. Kwenye upasuaji wa aina hii daktari wa meno bandia anatakiwa amwone mgonjwa KABLA ya kisu. Anachukua kipimo cha mdomo ukiwa bado mzima, anakaa na daktari mpasuaji wanachora pamoja wapi patakatwa, fundi anatengeneza pleti ya kwanza ya akriliki, na siku ya upasuaji ile pleti inafungwa palepale mezani, kwa waya kwenye meno yaliyobaki au kwa skurubu. Inashikilia ile shashi iliyojazwa kwenye kidonda, inafunika tundu, mgonjwa akiamka anaweza kuongea ikaeleweka na mara nyingi hahitaji kukaa sana na mpira wa kulishia puani. Na kuna mambo madogo ambayo mpasuaji akiambiwa mapema anaweza kuyafanya bila shida na yanabadilisha kila kitu baadaye. Mfano akikata, asikate ubavuni kabisa mwa jino litakalobaki, bora apitishe kwenye nafasi ya jino lililong'olewa ili lile la jirani libaki na mfupa wa kulishika, maana hilo jino ndilo litakalobeba pleti maisha yote. Au ndani ya shavu aweke kipande chembamba cha ngozi kutoka pajani, inapopona inajifanyia mkunjo fulani hivi ambao unakuja kuishika pleti kwa juu.

Kwa shangazi hakuna lililofanyika. Hatukuambiwa hata kwamba kuna kitu kinaitwa hivyo. Upasuaji wenyewe nasema ukweli ulikuwa mzuri, uvimbe ulitoka wote na kingo zilikuwa safi, yule mpasuaji namshukuru mpaka leo. Ila shangazi aliamka na shashi mdomoni, mpira puani, na shashi ilipotolewa tukabaki tunatazamana na tundu. Maji akinywa yanatokea puani. Uji unatokea puani. Alikuwa anainamisha kichwa upande, anabana pua na kidole, ndio anameza kidogo. Tukaruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa na karatasi ya kliniki ya mionzi na hamna neno lolote kuhusu mdomo.

Na kuongea. Mtu ambaye hajaishi na mgonjwa wa hivi hajui. Hewa yote inapandia puani kwa hiyo herufi zinazotaka mdomo ubane hewa zinakufa. B inakuwa M, D inakuwa N, S haitoki kabisa inabaki pumzi tu. Shangazi anauza kanga kwa simu, wateja wake wapo mpaka Mtwara na Lindi, anawapigia anasema bei wanasikia mei, anasema doti wanasikia noti, wanaitikia "shangazi mtandao mbovu nipigie baadaye" wanakata. Alifika mahali akawa hapokei simu kabisa anaandika meseji tu, na yeye hakuwa mtu wa meseji. Ndani ya nyumba alianza kula peke yake chumbani mlango umefungwa. Mimi kilichoniumiza ni hicho cha kula peke yake, kuliko hata ugonjwa.

Kliniki ya meno bandia tuliijua kwa nesi wa kule kwenye mionzi, dada mmoja alimwona anavyobana pua ili anywe maji akatuuliza, "kwani hajatengenezewa pleti?" Ndio tukaanza kuuliza pleti ni nini. Tulipofika kwenye benchi la kliniki tukakaa na kijana mmoja kutoka Morogoro, naye katolewa kaakaa upande mmoja kama shangazi, lakini yeye alipangiwa kuanzia mwanzo, pleti ilifungwa siku ileile. Anaongea vizuri tu, nilidhani amemsindikiza mgonjwa. Shangazi alimwangalia mdomoni muda mrefu sana.

Daktari wa pale ni bingwa wa meno bandia, mama mtaratibu. Kitu cha kwanza alichofanya ambacho mimi nakipa heshima yote, alimwuliza shangazi mwenyewe, sio mimi. "Mama, unataka ufanye nini ambacho sa hivi huwezi?" Shangazi akaandika kwenye karatasi: simu. Kisha: chai. Daktari akaiweka ile karatasi kwenye faili.

Alituelezea kwamba pleti ni za hatua 3. Ya siku ya upasuaji, hiyo imeshatupita. Ya muda, ambayo kawaida huvaliwa shashi inapotolewa, siku 7 mpaka 10 hivi baada ya kupasuliwa, inavaliwa wakati kidonda kinasinyaa na mionzi inaendelea, na inabadilishwa umbo mara kwa mara. Halafu ya kudumu, hiyo haitengenezwi mpaka tishu zimetulia, kawaida miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji na kwa aliyepigwa mionzi inaweza kusogea mbele zaidi. Sisi tulianzia kwenye ya muda tukiwa tumechelewa.

Kuchukua kipimo ndio sehemu watu wanaiogopa, ngoja niielezee ilivyo. Kwanza wanaziba kwa ndani ya lile tundu na shashi yenye vaselini, imefungwa uzi mrefu unaoning'inia nje, ili ule unga wa kipimo usiende ukagandia juu puani ukashindwa kutoka. Halafu unga unachanganywa na maji unawekwa kwenye kitreya unaingizwa, dakika chache unaganda unatolewa. Shangazi alitapika mate mara ya kwanza, daktari akamkalisha wima zaidi, kichwa mbele kidogo, apumue puani taratibu, ikakubali. Kama mgonjwa wako ana kichefuchefu sema mapema, usisubiri kitreya kiwe ndani.

Ile ya muda tuliipata haraka kuliko nilivyotegemea. Ni ya akriliki ya pinki, vibanio vya waya vinashika meno ya kushoto, upande wa kulia ina nundu inayoingia ndani ya tundu, na chini ya nundu hawakuweka meno ya kutafunia kwa kuwa kidonda bado kichanga hakitakiwi kubebeshwa mzigo. Daktari akaivalisha, akampa maji kwenye kikombe, akamwambia ainamishe kichwa mbele kidogo anywe. Yalivuja kidogo. Akaitoa, akaongeza kile kilaini, kuna dawa fulani laini inayopakwa juu ya nundu, inabaki laini siku kadhaa na inafuata umbo la tishu, akamrudishia, akamwambia fungua mdomo, funga, peleka taya kushoto, kulia, meza, geuza kichwa, kidevu kifuani. Hizo harakati zote zinaichonga ile nundu ili isibane wala isiache mwanya. Akampa maji tena. Hayakuvuja. Akamwambia ahesabu kuanzia moja, shangazi akahesabu na alipofika sita, saba, ile S ikatoka. Yaani nilitoka nje ya chumba, nikakaa kwenye ngazi nikalia, sioni aibu kusema.

Lakini sasa msidhani hapo ndio mwisho. Hapo ndio mwanzo na ndio maana nasisitiza habari ya marekebisho. Tundu la upasuaji halikai vilevile, linasinyaa, kovu linavuta, mionzi inakausha. Pleti iliyokaa vizuri wiki hii wiki mbili zijazo inachoma pembeni au inavuja. Kwa hiyo tukawa tunarudi, tunarudi, wanakwangua panapobana, wanaongeza panapovuja, wanabadilisha ile dawa laini kwa sababu ikikaa sana inakuwa ngumu na inaanza kunuka na fangasi wanaota juu yake. Kipindi hiki cha mwanzo aliambiwa asikae bila pleti kwa masaa mengi, hata usiku alale nayo, maana ukiitoa ukakaa nayo nje tishu zinabana na inaweza isiingie tena. Hii ya kulala nayo ni ya kipindi hicho, ukishafika kwenye ya kudumu daktari wako ndiye atakwambia.

Nilikuja kusoma baadaye habari za Sigmund Freud, yule daktari wa akili wa Vienna. Alipasuliwa saratani ya taya na kaakaa mwaka 1923 na daktari Hans Pichler, akatengenezewa pleti, akaishi nayo mpaka alipofariki London mwaka 1939, miaka 16. Nyumbani kwao hiyo pleti waliiita dubwana kwa jinsi ilivyomtesa. Na kwa miaka yote hiyo ilikuwa inarekebishwa, inatengenezwa upya, Pichler anaikwangua, mpaka mwaka 1931 akaletwa Kazanjian, daktari wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, amtengenezee nyingine. Nilipomsomea shangazi akasema basi mimi nina nafuu, yangu hainitesi hivyo. Na nikamwambia pia ya rais wa Marekani, Grover Cleveland, mwaka 1893 alitolewa sehemu ya taya la juu kwa siri ndani ya boti iitwayo Oneida wakiwa majini ili nchi isijue, wakamtengenezea pleti ya mpira mgumu, akarudi akahutubia na watu hawakugundua, ukweli ukatoka mwaka 1917 yeye ameshakufa tangu 1908. Hilo shangazi alilipenda sana, amewasimulia wauza kanga wote. Na kitu chenyewe ni cha zamani kuliko hapo, mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré miaka ya 1500 alikuwa anaziba matundu ya kaakaa kwa bamba la chuma na sponji. Kwa hiyo mtu akikwambia ni teknolojia ngeni haijafika huku usikubali, akriliki ni ileile ya meno bandia ya kawaida, kinachohitajika ni daktari anayejua na fundi mwenye mkono.

Turudi kwenye mionzi. Alipigiwa pale Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar. Kabla ya kuanza, yule daktari wa meno aliyakagua meno yote yaliyobaki, moja lililokuwa bovu likang'olewa mapema na kidonda kikapewa muda kifunge kwanza, kwa sababu ukishapigwa mionzi taya halina damu ya kutosha na kung'oa jino baadaye kunaweza kuua mfupa. Akapewa na dawa ya floraidi ya kupaka, mate yanakauka na meno yakikosa mate yanaoza haraka mno, na yakioza yale ya kushoto pleti haina pa kushika. Hili wengi hawalijui, wanadhani meno yaliyobaki ni ya kutafunia tu.

Kitu kilichotusumbua kuliko vyote ni mdomo kukaza. Baada ya mionzi taya likawa halifunguki, kidole kimoja na kidogo, wakati mtu mzima anatakiwa aingize vidole vyake 3 vimesimama. Pleti haiingii! Unaweza kuwa na pleti nzuri ya namna gani kama mdomo haufunguki ni bure. Dada wa mazoezi alimpa vile vijiti vya kukandamizia ulimi, unapanga kadhaa unaviweka katikati ya meno unakaa navyo, baada ya siku unaongeza kimoja, mara kadhaa kwa siku kila siku. Shangazi alichukia hilo zoezi. Alifanya. Ilirudi karibu vidole viwili na nusu na hapo ndio wakakubali kuanza ya kudumu.

Ya kudumu ina fremu ya chuma cha kobalti na kromu, nyembamba, inalala kwenye kaakaa la kushoto na vibanio vinashika meno kadhaa ili mzigo ugawanyike, na upande wa kulia sasa ina meno yake na nundu iliyo wazi ndani. Nundu kuwa na uwazi ndani ni muhimu, tundu la nusu taya ni kubwa, ukilijaza akriliki tupu inakuwa nzito inaning'inia na kuyang'oa taratibu yale meno yaliyobaki. Kwa hiyo fundi anaitengeneza tupu ndani anaifunika na kifuniko cha akriliki hichohicho. Hapa ndio kliniki ilipopoteza nyota moja. Kifuniko hakikuzibwa vizuri. Baada ya muda shangazi akawa anasikia maji yanacheza ndani ya pleti akitikisa kichwa, harufu ikaanza, na harufu ya hiyo kitu huwezi kuitoa kwa kuosha kwa nje. Tuliporudi walikubali bila ubishi, wakaikata kifuniko, wakasafisha, wakaziba upya, lakini ilibidi tusubiri kwa kuwa fundi ni mmoja na anahudumia kliniki nyingi. Wakati ikiwa kwa fundi alirudia ile ya muda. KWA HIYO USITUPE YA MUDA. Ioshe, iweke kwenye maji safi kwenye chombo chenye mfuniko, ndio spea yako.

Kingine kibaya pale kliniki hawana sehemu ya faragha. Mgonjwa anatakiwa kuitoa pleti kabla ya kuingia kwa daktari aioshe, na sinki lipo kwenye korido watu wote wamekaa wanamwangalia. Mtu aliyekatwa nusu ya taya, shavu limeingia ndani, anatoa pleti mbele za watu. Nilimwambia daktari, akasema atalifikisha, mpaka miadi ya mwisho sinki lilikuwa palepale. Pazia tu jamani, hata pazia lingetosha. Na mtaalamu wa matamshi hawana, alimfundisha daktari mwenyewe kwa muda aliokuwa nao, na mengine shangazi alijifunzia nyumbani kwa kusoma gazeti kwa sauti mbele ya kioo.

Matokeo sasa. Chai anakunywa, na anaipuliza kwanza, kupuliza kulikuwa kumepotea kabisa. Mrija anavuta. Ugali laini, ndizi, mtori, samaki asiye na miiba, vyote sawa. Wali mkavu bado unamsumbua, punje zinapanda juu pembeni ya nundu, na vitu vya mbegu mbegu kama nyanya na pilipili anaviepuka. Anatafunia kushoto. Akitia udhu anasukutua na maji yanakaa mdomoni, hili alilitaja yeye kabla hata ya chakula. Simu anapiga. Sauti ina kapua kidogo akichoka jioni, lakini mteja wa Lindi anaelewa bei, anaelewa doti, na biashara imerudi. Anakula mezani na sisi.

Usafi wake ni kila baada ya kula. Anaitoa, anaiosha kwa brashi laini na sabuni ya kawaida na maji ya baridi au uvuguvugu mdogo, kamwe maji ya moto kwa sababu akriliki inajikunja na ikijikunja haikai tena, na jiki hagusi kwa ajili ya kile chuma. Anaoshea juu ya beseni lenye maji ili ikiponyoka isipasuke. Lile tundu lenyewe analisukutua na maji ya chumvi kwa kuwa kunajijenga makoko makavu ndani, hasa baada ya mionzi.

Kuna watu wameniuliza kwa nini hawakuziba kwa upasuaji tu, kuchukua nyama na mfupa wa mguuni. Inafanyika, na kwa baadhi ya wagonjwa ndio bora, ila ni upasuaji mrefu, mrefu mno, unahitaji timu ya kuunganisha mishipa midogo ya damu, na shangazi ana umri na presha. Pleti ina faida moja ambayo daktari alitueleza na mimi nimeiona, ukiitoa daktari anachungulia moja kwa moja mle ndani kuangalia kama ugonjwa umerudi. Kila tukienda anachungulia. Hiyo inatupa usingizi.

Na kuna mama mmoja tulikutana naye pale na mtoto mchanga aliyezaliwa kaakaa wazi, amekuja akidhani anahitaji pleti kama ya shangazi. Kwa mtoto ni habari nyingine na ni nafuu zaidi. Mdomo, kama nao umepasuka, unashonwa akiwa na miezi 3 hivi, kaakaa kati ya miezi 9 na 18, na katikati hapo kinachohitajika hasa ni kulishwa vizuri, chupa laini ya kuminya, mtoto akae wima, wengine wanatengenezewa kipleti kidogo cha kunyonyea. Hapa Dar waendeni hospitali ya CCBRT, msikae na mtoto nyumbani mkisubiri akue, na wala msimsikilize anayesema mama alikosea kitu akiwa mjamzito.

Bei siwezi kuwawekea ikawafaa, inategemea ukubwa wa tundu, meno yaliyobaki, fremu ni ya chuma au akriliki tupu. Ila ulizeni hivi kabla ya kutoa hata shilingi: bei hiyo ni ya pleti ya muda, ya kudumu, au zote? Marekebisho yamo ndani ya bei au kila ukirudi unalipa? Kwa muda gani? Fundi yuko hapahapa au inasafirishwa? Na daktari akihama nani anabaki na faili na vipimo? Sisi kwenye kliniki ya kwanza tuliyoulizia, sio hii, walitutajia bei ndogo kabisa na marekebisho hawakuyataja, nilipouliza wakasema kila ukirudi unafungua faili upya. Ukijumlisha na nauli na kwa jinsi tulivyorudi mara nyingi, ile rahisi ingetushinda njiani na shangazi angebaki na pleti inayochoma kwenye droo. Bima nayo iulizeni wakupe jibu la maandishi, kwa sababu dirishani unaambiwa hivi na kwenye bili unakuta vile.

Na kama upasuaji bado haujafanyika, basi kesho asubuhi mfuate mpasuaji umwulize: mgonjwa ataonwa na daktari wa meno bandia kabla? Akisema haihitajiki mwombe kwa heshima aandike rufaa hata hivyo. Hamtamkosea. Kipimo cha mdomo mzima kinachukua muda mfupi sana na hakipatikani tena baada ya kisu.

Miadi inayofuata ya shangazi ni ya kuangalia kama nundu inahitaji kuongezwa tena, shavu limeendelea kusinyaa kidogo na jioni anahisi hewa inapita. Sisi tupo Dar tuna unafuu wa umbali. Kama uko Mwanza, Mbeya, Tanga au visiwani na umepata daktari na fundi wanaofanya hii kazi vizuri na wanaorekebisha bila kukufungulia faili upya kila siku, tafadhali andika hapa chini ni mkoa gani na waliifanyaje, kuna watu wanaonitafuta kila wiki na mimi nawajua wa hapa tu.